Utrasaundi Urambo: Picha ikionyesha dalili, mama aambiwe nini?

Karatasi ya majibu ya utrasaundi ina herufi nyingi kuliko maneno. BPD, HC, AC, FL, chini yake EFW, kila moja na tarakimu zake, kisha sentensi mbili tatu za Kiingereza zilizoandikwa mbiombio, saini na muhuri. Mjamzito aliyetoka Uyumbu au Ukondamoyo kwa bodaboda huipokea, akaikunja, akaichomeka ndani ya kadi ya kliniki na kugeuza nyumbani akiwa na majibu mawili tu kichwani: mtoto anacheza, na ni wa kike au wa kiume.

Zile herufi hazina uchawi. BPD ni upana wa kichwa cha mtoto kutoka upande mmoja hadi wa pili. HC ni mzunguko wa kichwa, AC ni mzunguko wa tumbo, FL ni urefu wa mfupa wa paja. EFW ni uzito unaokadiriwa kutokana na vipimo hivyo, na makadirio yenyewe yanaweza kupishana na uzito halisi kwa asilimia 15 hivi, juu au chini. Mtu akikaa na mama na kumweleza kwa Kiswahili, ni kazi ya dakika tano. Shida iko kwenye zile sentensi za chini, siku zinapoacha kusema kwamba mambo ni shwari na kuanza kutaja jambo: maji yamezidi, figo imetanuka, kuna nukta kwenye moyo, kichwa hakilingani na umri wa mimba. Siku hiyo mjamzito wa wilayani hujikuta na habari nzito mkononi na hana wa kumsomea.

Urambo ni wilaya ya tumbaku na mahindi, kilomita 90 hivi magharibi ya Tabora mjini, kwenye reli iendayo Kigoma. Jina lake limetokana na Mtemi Mirambo, aliyeishika njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji mpaka alipofariki mwaka 1884. Mmoja wa madaktari wa mwanzo wa Kizungu kuishi hapa, Ebenezer Southon wa London Missionary Society, alifika mwaka 1879 kwa ridhaa ya Mirambo na kutibu watu kwa miaka mitatu. Mwaka 1882 risasi iliyofyatuka kwa bahati mbaya ilimpiga mkononi, na jeraha hilo likamuua. Yeye ndiye aliyekuwa daktari wa kituo. Alipoumia yeye, hapakuwa na pa kumpeleka.

Nimekitaja kisa hicho kwa sababu ya neno rufaa. Leo ngazi zipo: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete pale Tabora mjini, kisha Bugando jijini Mwanza, umbali wa zaidi ya kilomita 400 kutoka Urambo, au Muhimbili, Dar es Salaam, mbali zaidi ya mara mbili ya hapo. Mashine za utrasaundi zimeshuka mpaka wilayani na vituo binafsi vinazo. Kuona kumekuwa rahisi kuliko zamani. Kilichobaki nyuma ni kumwambia mama kilichoonekana, na kumwonyesha aende wapi nacho.

Kwanza tuondoe hofu moja. Utrasaundi haitumii mionzi kama eksirei. Kifaa kinachopitishwa juu ya tumbo lililopakwa jeli hutoa sauti ya masafa makubwa ambayo sikio la binadamu halisikii, kisha hupokea mwangwi wake na kuugeuza kuwa picha. Teknolojia hii iliingia kwenye uzazi kupitia kwa Profesa Ian Donald wa Glasgow, aliyeazima wazo kutoka kwenye viwanda vilivyotumia sauti kutafuta nyufa ndani ya chuma. Yeye na wenzake walichapisha matokeo yao katika jarida la The Lancet mwaka 1958. Mfupa hurudisha mwangwi mkali, ukaonekana mweupe. Maji hayarudishi kitu, yakaonekana meusi. Picha nzima ya mtoto ni mchezo wa weupe na weusi huo, na anayeisoma anahitaji jicho lililofundishwa.

Jicho hilo hutafuta mambo ya aina mbili, ambayo karatasi mara nyingi huyaandika pamoja kana kwamba yana uzito mmoja.

Aina ya kwanza ni kasoro yenyewe: fuvu la kichwa halikuumbika, utumbo unaelea nje ya tumbo, uti wa mgongo haukufunga, moyo una vyumba vitatu badala ya vinne. Aina ya pili ni alama. Alama ni kitu kidogo ambacho chenyewe hakimdhuru mtoto, ila kimeonekana mara nyingi kidogo kwa watoto wenye matatizo ya vinasaba, kama vile mtindio wa Down, kuliko kwa wasio nayo. Nukta nyeupe ndani ya moyo ni alama. Vifuko vidogo vya maji ndani ya ubongo ni alama. Kitovu chenye mshipa mmoja wa ateri badala ya miwili ni alama, na figo iliyotanuka milimita nne au tano katikati ya ujauzito nayo huhesabiwa humo.

Sasa tuangalie hesabu. Ile nukta ya moyoni huonekana kwa watoto 3 hadi 5 kati ya 100, na walio wengi mno kati yao ni wazima kabisa. Vifuko vya maji vya ubongoni huonekana kwa mtoto mmoja au wawili kati ya 100, na kwa kawaida hutoweka vyenyewe kabla ya wiki ya 28. Uwezekano wa mama wa miaka 20 kuzaa mtoto mwenye Down ni karibu mmoja katika 1,500. Kwa mama wa miaka 40 ni karibu mmoja katika 100. Ndiyo kusema nukta moja ileile ina maana moja kwa binti wa miaka 20 na maana nyingine kwa shangazi yake. Ulaya na Marekani mama mwenye alama hupelekwa kwenye kipimo cha damu kinachosoma vinasaba vya mtoto, au huchomwa sindano ya kutoa maji ya chupa yakapimwe maabara. Katika hospitali zetu za wilaya vipimo hivyo havipo. Alama inabaki inaning'inia.

Kwa hiyo nasema hivi, na madaktari wanaofuata miongozo ya kimataifa wanasema hivyohivyo: alama moja ya namna hiyo, kwa mtoto ambaye viungo vyake vingine vyote vimekaguliwa vizuri vikaonekana sawa, haitoshi kumwambia mama kwamba mtoto wake ana tatizo. Kumwandikia tu na kumwacha aondoke nayo ni kumtwika mzigo usiokuwa na kazi. Nimeona watu wazima wakilia kwenye benchi la hospitali kwa ajili ya neno ambalo mwenye kuliandika alishasahau kabla ya mgonjwa anayefuata kupanda kitandani.

Zipo alama nzito zaidi ambazo hazifai kupuuzwa. Ngozi ya nyuma ya shingo ikifika unene wa milimita 6 katikati ya ujauzito, daktari anatakiwa kuangalia tena, hasa moyo. Vyumba vya maji ndani ya ubongo kwa kawaida huwa chini ya milimita 10. Vikizidi 10 mtoto afuatiliwe, vikizidi 15 hali ni nzito. Maji ya chupa nayo husema mengi. Mtoto tumboni huyameza na kuyakojoa kila siku, kwa hiyo yakizidi sana, kina cha sentimita 8 au zaidi mahali yalipojikusanya, huenda mtoto hawezi kumeza kwa sababu njia ya chakula imeziba, au mama ana kisukari ambacho hakijagunduliwa. Yakipungua chini ya sentimita 2, huenda figo hazifanyi kazi, au chupa imevuja, au kondo la nyuma limechoka. Sababu hizi zina matibabu tofauti kabisa, na ile ya kisukari hugunduliwa kwa tone la damu la kupima sukari. Ni kipimo rahisi, na kinafaa kufanywa palepale.

Madaktari wenyewe, tangu zamani, wamezipa dalili hizi majina ya vitu vya jikoni na mlangoni. Mwaka 1986 kundi la watafiti wa London, akiwemo Kypros Nicolaides, liliandika kwamba watoto wenye mgongo wazi huonyesha ishara kichwani kabla hata hujautafuta uti wa mgongo: fuvu hubonyea pande mbili za paji la uso likafanana na limau, na ubongo wa kisogoni hujikunja kama ndizi. Tumbo likiwa na viputo viwili vyeusi, tumbo la chakula na mwanzo wa utumbo vimejaa maji na mbele kumeziba. Karibu theluthi moja ya watoto hao wana Down. Kibofu cha mtoto wa kiume kikiwa na umbo la tundu la ufunguo, njia ya mkojo imezibwa na utando. Mpimaji aliyeyazoea maumbo haya huyakamata kwa sekunde chache. Asiyewahi kufundishwa atayapita, apime upana wa kichwa, apime paja, aandike tarehe ya kujifungua.

Hilo la mkono wa mpimaji lina ushahidi kutoka mbali. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1993, uliohusisha wajawazito wapatao 15,000, ulionyesha kwamba utrasaundi ya kawaida iligundua asilimia 35 hivi tu ya watoto wenye kasoro kubwa kabla ya kuzaliwa. Na kabla ya wiki ya 24 hospitali zilizobobea zilikamata asilimia 35, nyingine asilimia 13. Mashine zimekuwa bora sana tangu wakati huo, lakini pengo kati ya mkono uliofundishwa na usiofundishwa bado lipo. Mama anayeambiwa kwamba kila kitu kiko sawa baada ya kupimwa dakika tatu hajapata kipimo sawa na yule aliyekaguliwa moyo, ubongo, midomo, uti wa mgongo, figo na vidole kwa nusu saa. Hata kilichokaguliwa vizuri hakimalizi yote: vile viputo viwili kwa kawaida havionekani mpaka baada ya miezi sita.

Lini mama aende? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, linapendekeza kila mjamzito apate utrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Kwa kukagua viungo, wakati mzuri ni kati ya wiki ya 18 na 22, mtoto akiwa mkubwa kiasi cha kuonekana na bado ana maji ya kutosha kumzunguka. Hapa ndipo hesabu ya Tanzania inapogoma. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba ni takribani theluthi moja tu ya wajawazito waliohudhuria kliniki kwa mara ya kwanza ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Wengi huja tumbo limeshaonekana. Msimu wa kupandikiza tumbaku, au wa kuichuma na kuipanga kwenye mabani ya kukaushia, mwanamke wa Urambo haondoki shambani kwa ajili ya jambo lisilouma.

Kuchelewa kunaharibu kitu kingine ambacho watu hawakifikirii: tarehe. Utrasaundi ya miezi mitatu ya kwanza hukadiria umri wa mimba kwa tofauti ya siku 5 hadi 7. Ya miezi mitatu ya mwisho inaweza kukosea kwa wiki tatu nzima. Mama asiyekumbuka siku ya hedhi yake ya mwisho akija na mimba ya miezi minane, na kichwa cha mtoto kikaonekana kidogo, hakuna anayeweza kusema kwa hakika kama mtoto ni mdogo, au mimba ni changa kuliko ilivyodhaniwa. Dalili inakosa kipimio cha kuipimia.

Na mtoto mdogo ndiyo dalili ambayo Tabora inapaswa kuihofia kuliko zote. Mkoa huu ndio ulioongoza kwa malaria kati ya watoto wa chini ya miaka mitano katika utafiti huohuo wa 2022, asilimia 23. Vimelea vya malaria hujificha kwenye kondo la nyuma, damu ya kumlisha mtoto ikapungua, akazaliwa na uzito pungufu au kabla ya siku. Nukta ya moyoni itamtisha mama bure. Tumbo la mtoto ambalo halikui kati ya kipimo cha kwanza na cha pili ni jambo la kumfanya daktari asimame. Kulikamata kunahitaji vipimo viwili, cha kwanza kikiwa cha mapema.

Kuna wanaoamini kwamba ukisambaza mashine, mengine yatajipa. Utafiti wa nchi tano, zikiwemo Kenya, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ulipeleka utrasaundi kwenye vituo vya vijijini na kufundisha wahudumu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba vifo vya mama na mtoto havikupungua, wala mahudhurio ya kliniki hayakuongezeka. Sishangai. Mashine ikisema mtoto amekaa vibaya au maji yamekwisha, halafu hospitali ya juu haina damu wala daktari wa upasuaji siku hiyo, picha imefanya nini?

Nirudi kwenye mgongo wazi, kwa sababu ndio unaoonyesha vizuri kwamba kazi kubwa inafanyika kabla mama hajapanda kitanda cha utrasaundi. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa. Siku 28: mama wengi hapo hawajajua hata kama wana mimba. Mfereji usipofunga upande wa kichwa, fuvu na ubongo haviumbiki na mtoto hawezi kuishi. Usipofunga chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na wengi wao hupata kichwa kikubwa kwa maji kujaa kwenye ubongo. Tangu mwaka 1991 inajulikana kwa uhakika kwamba foliki asidi inazuia sehemu kubwa ya kasoro hizi: utafiti ulioongozwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza ulipunguza kwa asilimia 72 kurudia kwa tatizo kwa akina mama waliowahi kuzaa mtoto wa aina hiyo. Kwa mwanamke wa kawaida kinachotakiwa ni mikrogramu 400 kwa siku, kuanzia kabla ya kushika mimba.

Kliniki zetu hutoa vidonge vyenye madini chuma na foliki asidi, vile ambavyo akina mama huviita vidonge vya kuongeza damu. Ni vizuri, damu inahitajika. Lakini kwa mgongo wa mtoto, kidonge cha mwezi wa tano kimeshapitwa na miezi minne. Serikali ililiona hilo, na kanuni za mwaka 2011 zikavitaka viwanda viongeze virutubishi, foliki asidi ikiwemo, kwenye unga wa ngano na wa mahindi. Unga wa kiwandani, yaani. Urambo watu hula mahindi ya shamba lao, yaliyosagwa kwenye mashine ya kijijini kwa debe. Taasisi ya Sanku imekuwa ikifunga vifaa vya kudondosha virutubishi kwenye vinu vidogo nchini, na hiyo ni njia ya maana, ila mkulima anayepeleka debe lake mwenyewe kusaga bado yuko nje ya mpango.

Mahindi yenyewe yana mkasa wake. Watafiti wa Kitanzania na wenzao walipima sampuli 120 za mahindi ya kuhifadhiwa nyumbani kutoka Tabora, Iringa, Ruvuma na Kilimanjaro, na katika matokeo ya mwaka 2008 zaidi ya nusu zilikutwa na fumonisini, aina ya sumukuvu inayotengenezwa na ukungu shambani na ghalani. Tafiti za mpaka wa Texas na Mexico, ambako watoto wenye kasoro hizi waliongezeka ghafla mwanzoni mwa miaka ya 1990, zimehusisha sumu hiyo na mgongo wazi. Katika maabara imeonekana kuizuia seli isipokee foliki asidi. Kwa Tabora sijaona mtu aliyeunganisha mambo hayo mawili moja kwa moja, kwa hiyo silisemi kama jambo lililothibitishwa. Lakini kukausha mahindi vizuri na kutupa yenye ukungu hakuhitaji kungoja uthibitisho.

Kichekesho cha historia ni kwamba Urambo ilikuwa mojawapo ya maeneo matatu, pamoja na Kongwa na Nachingwea, ambako Waingereza walikuja mwaka 1947 kulima karanga kwa matrekta ili wapate mafuta ya kula kwao. Mradi ulikufa mwaka 1951, na tumbaku ikashika nafasi. Gramu 100 za karanga mbichi zina mikrogramu 240 hivi za foleti, yaani foliki asidi ya asili. Mboga za majani zenye karanga, maharage, kunde: chakula cha Mnyamwezi cha siku zote kina faida hiyo, mradi karanga zisiwe na ukungu. Hakitoshi peke yake kufikia kiwango, lakini ni afadhali kuliko ugali na dagaa wachache.

Turudi chumbani, kwa mama ambaye dalili imeshaonekana. Swali ambalo mara nyingi halisemwi kwa sauti ni hili: kujua kutanisaidia nini? Sheria ya Tanzania, Kanuni ya Adhabu vifungu vya 150 hadi 152, inakataza kutoa mimba, na kifungu cha 230 kinaacha mlango wa upasuaji wa kuokoa maisha ya mama. Kasoro ya mtoto haimo. Kwa hiyo wapo wahudumu wanaoona kwamba kumwambia mama ni kumtesa tu. Sikubaliani nao.

Mwaka 2021 The Lancet ilichapisha hesabu ya watoto karibu 3,850 waliozaliwa na kasoro za njia ya chakula katika hospitali 264 za nchi 74. Katika nchi za kipato cha chini walikufa asilimia 39.8, za kipato cha kati asilimia 20.4, za kipato cha juu asilimia 5.6. Kasoro ni zilezile. Sehemu ya tofauti hiyo ni vifaa na wataalamu, na sehemu nyingine ni mahali mtoto alipozaliwa na saa alizotumia njiani. Mtoto wa utumbo nje aliyezaliwa zahanati, akafungwa kitenge na kusafirishwa kwa basi, hufika amepoa na amekauka maji. Yuleyule akizaliwa karibu na chumba cha upasuaji wa watoto ana nafasi. Mwenye mgongo wazi anatakiwa kufungwa mgongo huo ndani ya siku mbili tatu, kabla ya maambukizi. Kichwa kilichojaa maji hakipiti njia ya kawaida; mama asipojua mapema anaweza kupasuka mfuko wa uzazi kijijini. Na kasoro za moyo, zinazowapata watoto 8 hadi 10 kati ya kila 1,000, zina pa kwenda hapa nchini: Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Muhimbili. Jirani yake iko Taasisi ya Mifupa, MOI, inayotibu vichwa vikubwa na migongo wazi.

Hata kwa yule mtoto asiyeweza kuishi, mama ana haki ya kujua. Hajifungui peke yake usiku bila kutarajia, baba anajiandaa, kiongozi wa dini anaitwa, na daktari anapanga uzazi kwa kumlinda mama.

Jambo moja kuhusu vichwa vikubwa lazima lisemwe, maana linawachanganya wazazi walioambiwa kwamba utrasaundi ilikuwa safi. Daktari Benjamin Warf, aliyefanya kazi katika hospitali ya watoto ya CURE huko Mbale, Uganda, aliripoti mwaka 2005 kwamba kati ya watoto 300 aliowatibu, karibu asilimia 60 walipata tatizo kutokana na maambukizi baada ya kuzaliwa. Picha ya tumboni haingeweza kuwaonyesha. Warf ndiye aliyeendeleza njia ya kutibu kwa kamera ndogo, bila kumwachia mtoto mrija kichwani, kwa sababu mrija ukiziba kwa mtoto anayeishi siku mbili kutoka hospitali, huo ndio mwisho wake. Mzazi wa Urambo anaielewa hoja hiyo bila kufafanuliwa.

Nyumbani kuna kesi nyingine. Mtoto mwenye kasoro husemwa ni mkosi, au mama amelogwa, au amekiuka miiko, na mama mkwe ana la kuongeza. Lawama yote humwangukia mwanamke. Kliniki zimeweza kuwaita akina baba siku ya kupima VVU. Siku ya utrasaundi mara nyingi hubaki nje kwenye benchi wakichezea simu. Waingizwe. Mwanaume aliyeiona skrini na kusikia kutoka kinywani mwa daktari kwamba hakuna aliyemloga mtu, atamjibu mama yake mwenyewe.

Kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na halmashauri ombi ni jepesi: kila anayepima awe na muda na chumba cha kuzungumza, na majibu yaandikwe kwa Kiswahili mistari mitatu: tumeona nini, tuna uhakika kiasi gani, uende wapi na lini. Tangu mwaka 2024 kambi za madaktari bingwa wa Rais Samia zimekuwa zikizunguka hospitali za halmashauri. Wanapofika, wenye dalili zenye utata wawe wa kwanza kwenye orodha, wapimwe upya na mkono mwingine.

Nawe mjamzito, kabla hujajifuta jeli, uliza. Mimba ina wiki ngapi, na umezijuaje? Umeangalia kichwa, moyo, uti wa mgongo na figo, au umepima tarehe tu? Ulichokiona ni kasoro au ni alama? Nirudi lini, nijifungulie wapi? Ukiambiwa ujifungulie Kitete au Bugando, sogea mjini kwa ndugu wiki kadhaa kabla ya siku zako, usingoje uchungu ukukute Uyogo. Na ukikukuta hukohuko pamoja na maandalizi yote, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, m-mama, unapatikana kwa namba 115, na simu hiyo hailipiwi.